Swali la Tisa

Kikombe cha kumi na mbili kilikataa kukaa. Wuraola alikibandua, akafuta krimu kwa pamba, akaupanua tena mstari kwenye nywele za msichana kwa ncha ya kitana mpaka ngozi ya kichwa ikaonekana, akaisugua kidogo, akapaka krimu mpya na kukibandika upya. Kikombe chenyewe kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati, na waya mwembamba ulitoka mgongoni mwake ukaenda kuingia kwenye sanduku la mashine. Vilibaki saba.

"Anti Wura, leo unanichana kama una ugomvi na mama yangu," Eniitan alisema.

"Mama yako simjui. Ugomvi wangu ni na huyo aliyekusuka. Hii ni misuko au kamba za mbuzi?"

"Ni binamu yangu. Anajifunza."

"Akajifunzie kwenye mbuzi, basi."

Eniitan alitoa pumzi fupi puani, ambayo kwake ilihesabika kuwa kicheko. Alikuwa na miaka kumi na sita. Wiki nane zilizopita aliletwa hapa hospitalini Ibadan akiwa haongei, hali, na anaamka saa tisa alfajiri kila siku. Sasa alikuwa anakula na anaongea. Alianzishiwa vidonge vya sonona na kuingizwa kwenye utafiti wa Profesa Adegbenro, pamoja na vijana wengine arobaini. Kila baada ya wiki mbili walikuja kupimwa mawimbi ya ubongo huku wakiulizwa maswali. Leo ilikuwa mara yake ya tano na ya mwisho. Kesho, Ijumaa, Profesa angesaini faili lake, vidonge vingeanza kupunguzwa, na Jumatatu angerudi shule ya bweni. Baba yake alikuwa nje kwenye benchi la korido, amekumbatia godoro jipya lililokunjwa na kufungwa kwa kamba. Alilinunua sokoni Bodija asubuhi kabla ya kuja, kwa furaha.

Wuraola hakuwa na cheti cha kazi hii. Kwa miaka mingi alisuka nywele kwenye kibanda mbele ya geti la hospitali. Mashine ilipoletwa, fundi aliyesomea alishindwa kuvifikisha vikombe kwenye ngozi ya vichwa vilivyosukwa, akatoka kwenda kumwita. Wuraola alifumua, akachana mistari, akabandika vyote kumi na tisa kwa nusu saa. Akarudi kesho yake, na kesho yake tena. Akaanza kuuliza: mstari huu ni nini, na huu uliopinda? Alisoma kitabu cha mashine kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa jioni. Fundi alipopata kazi ng'ambo, Wuraola alikuwa tayari anatofautisha kupepesa jicho, kukaza taya na jasho, kwa kutazama tu mistari ikipita. Alijiwekea sharti moja: hakuna msichana atakayetoka chumbani kwake nywele zikiwa timutimu. Kila aliyepimwa alioshwa na kusukwa upya, bure. Profesa mwenyewe alikiri kwamba bila hilo wasichana wasingerudi mara ya pili.

Kikombe cha kumi na tisa kilipokaa, Sista Bolatito aliingia na karatasi ya maswali mkono mmoja, na mkono wa pili kipande cha moinmoin, mkate wa kunde na samaki uliopikwa kwa mvuke, ndani ya jani lake. Alikuwa nesi mnene, mchangamfu, aliyewajua watoto wote kwa majina na siku zao za kuzaliwa. Aliliweka jani juu ya faili la Eniitan, akalamba kidole gumba.

"Mrembo wangu. Umeshiba leo?"

"Nimeshiba, Sista."

"Sema kweli. Baba yako ameniambia umekula akara sita za kunde."

"Tano. Ya sita alikula yeye, akanisingizia."

Sista alicheka mpaka mabega yakatikisika, kisha akaanza kusoma. Swali la kwanza, kama bado anafurahia vitu. La pili, huzuni. La tatu, usingizi. Kila swali lilipoanza, Wuraola alibonyeza kitufe kwa kidole gumba, ili baadaye ionekane ubongo ulifanya nini wakati wa swali gani. Eniitan alijibu polepole, macho yamefumbwa. Uchovu, hamu ya kula, kujiona hafai, kushindwa kutulia akili, mwendo wa mwili. Wuraola alibonyeza mara nane.

Alibonyeza mara ya tisa. Sista Bolatito hakusoma. Alizungusha mkono juu ya kichwa chake, akaliza vidole kuelekea mlangoni kama anayetupa kitu nje, akasema, "Mungu apishe mbali," na kuandika sufuri. Wuraola akabonyeza kumaliza.

Ibadan nzima hakuna ambaye angeshangaa. Kuliza vidole namna ile ni adabu. Mtu asiyefanya hivyo mbele ya neno baya ndiye hutazamwa.

"Umemaliza, mrembo," Sista alisema, akachukua jani lake na kutoka. Kwenye jalada la faili ilibaki duara ya mafuta yenye harufu ya samaki.

Kwenye sinki, Wuraola aliinamisha kichwa cha Eniitan na kumimina maji ya uvuguvugu. Krimu ililainika na kuanza kutoka kwa vipande vyeupe. Kazi hii hakuwahi kuizoea. Krimu iliyokaa kichwani ilinuka chumvi na ngozi, na iliganda chini ya kucha.

"Anti," Eniitan alisema, uso ukiwa ndani ya sinki. "Swali la tisa ni lipi?"

"Swali gani?"

"Lile la mwisho. Yule daktari kijana wa siku ya kwanza aliniuliza. Nikamjibu. Tangu hapo Sista anahesabu mpaka la nane, halafu analiza vidole."

Wuraola alisugua krimu nyuma ya sikio lake.

"Kila nikija nalisubiri," msichana alisema. "Nakuwa nimeshapanga la kusema. Halafu halifiki. Nikaona labda siku ile nilijibu vibaya, ndiyo maana hamtaki kuniuliza tena."

Wuraola alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, lilikuwa fupi, naye alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na minne. Lakini alipotaka kulitoa alihisi mkono wake mwenyewe, ulio na krimu, ukiinuka kutaka kuliza vidole.

"Kausha nywele kwanza," alisema. "Kaa pale na baba yako. Nakuja kukusuka."

Alimpa taulo, akamsindikiza mpaka kwenye benchi, akarudi na kukaa mbele ya kompyuta. Hakujua hasa anatafuta nini, kwa hiyo alianza na alichokijua.

Wiki hiyo Profesa alimpa rekodi saba. Zilikuwa za vijana ambao siku ya kwanza walikiri kwamba wanawaza kujiua, na kuanzia mara ya pili karatasi zao zinasema sufuri. Profesa alitarajia mawimbi ya upande wa mbele wa kichwa yabadilike kwa watu kama hao. Kwa hao saba hayakubadilika. Ya wiki ya nane yalifanana na ya siku ya kwanza. "Hizi ni chafu," alisema. "Tafuta kosa, ziandikie chafu, zitupe." Siku nne Wuraola alitafuta uchafu: jasho, taya, kikombe kilicholegea, waya uliokatika ndani. Hakuuona. Zilikuwa rekodi safi kuliko nyingi alizowahi kupima. Hata hivyo, jana jioni alikwisha kuandika "chafu" kwenye nne.

Hakuamini kwamba mashine inaweza kusoma mawazo ya mtu. Alikwisha kuona mistari ya kutisha kwa watu wenye furaha, na mistari mizuri kwa watu waliokuwa wanateketea. Lakini saa ya mashine haikosei. Alifungua rekodi ya leo na kupima muda kati ya kubonyeza na kubonyeza, akiandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Swali la kwanza, sekunde thelathini na moja. La pili, arobaini. La tatu, ishirini na sita. La nane, ishirini na mbili.

La tisa, sekunde mbili.

Akafungua ya wiki ya sita. Mbili. Ya wiki ya nne, mbili. Ya wiki ya pili, tatu. Siku hiyo Sista alikuwa na mafua, alipiga chafya katikati. Akafungua ya siku ya kwanza, aliyouliza yule daktari kijana kabla hajahama. Swali lilichukua sekunde tisa kusomwa. Kisha kimya. Sekunde sabini na nne za kimya, mistari ya macho ikitetemeka, halafu mstari wa taya ukaruka: jibu.

Akafungua ya kijana mwingine, na mwingine. Aliwapitia kumi na watano mpaka kalenda ikajaa. Mbili, mbili, mbili. Akavuta mafaili na kutazama karatasi zenyewe. Sufuri zilipangwa chini ya mstari wa tisa, ukurasa baada ya ukurasa, ndogo, za duara, nadhifu, kama mayai ya chawa yaliyoshika kwenye unywele. Katika maisha yake alikwisha kutoa chawa kwenye vichwa vingi bila kukunja uso. Sasa alilazimika kulifunga faili na kulisukuma mbali.

Na kitufe hakikubonyezwa na Sista. Kilibonyezwa na yeye. Kila mara alikuwepo, akasikia vidole vikilia, akaona sufuri ikiandikwa, na kidole gumba chake kikathibitisha: swali limeulizwa. Alikitazama. Kulikuwa na krimu chini ya ukucha.

Sista Bolatito alikuwa chumba cha pili anapanga vidonge.

"Sista, lile swali la tisa linasomwaje?"

"Linasomwa kama lilivyoandikwa."

"Nisomee."

"Mama Mapacha," Sista alimwita kwa watoto wake, kama walivyomwita wakubwa wote hospitalini, "asubuhi yote hii unataka kuniletea balaa?"

"Nisomee mimi. Mimi si mtoto."

Sista aliitazama karatasi. Midomo ilisogea, ikafumba. Alipoongea tena sauti ilikuwa ya chini.

"Kwetu ukimtajia mtoto kifo, ndiyo umekiita. Mama yangu angenifukuza nyumbani. Na sheria inalihesabu jambo hilo kuwa kosa; nikiandika kwamba mtoto anawaza hivyo, polisi wakija kumsumbua baba yake? Siku hiyo wewe utakuwa umesimama wapi?"

"Kwa hiyo unaandika sufuri."

"Naandika ninachomwombea."

Wuraola alikuwa amejiandaa kusikia uongo. Huu haukuwa uongo. Ulikuwa upendo, na ulimchefua kuliko uongo. Ulinuka samaki. Wiki nane mtoto aliinamisha kichwa mbele yao akingoja, na wao wawili wakampa baraka.

Profesa Adegbenro aliingia wakiwa bado wamesimama vile. Alikuwa mtu mrefu, mpole, ambaye hata watu wa kufagia aliwaamkia kwanza.

"Mama Mapacha, zile chafu zimefika ngapi?"

"Hazina uchafu, Prof. Ila swali la tisa halikuulizwa."

"Halikuulizwa na nani?"

Alimpa kalenda. Profesa aliisoma huku amesimama, mpaka chini, akaigeuza upande wa picha, akairudisha.

"Umebonyeza haraka," alisema. "Ni kidole chako."

"Kwa vijana wote, Prof? Na la kwanza mpaka la nane nibonyeze taratibu?"

"Sikiliza, mama yangu. Kumi na tisa walikuwa na mawazo hayo siku ya kwanza. Sasa hakuna hata mmoja. Hakuna! Unajua hilo ni jambo gani? Nimeshawaandikia wafadhili." Alitabasamu, kwa upole uleule. "Kila mtu na ufundi wake. Wewe una kichwa cha nje. Cha ndani tuachie sisi."

Sista alicheka kidogo, kwa mazoea, kisha akarudia kupanga vidonge. Wuraola alichukua kitana na chupa ya mafuta, akatoka.

Alimrudisha Eniitan chumbani, akamketisha kwenye kigoda katikati ya magoti yake. Karatasi ya shule yake, iliyoagiza mtindo wa nywele wa wasichana wote wiki ijayo, ilikuwa imebandikwa ukutani kwa plasta: misuko kumi inayorudi nyuma, isiyozidi, isiyopungua. Alianza upande wa kushoto. Alisuka wa kwanza. Akasuka wa pili na wa tatu. Nywele zilikuwa na unyevu bado, na ndani ya mstari mmoja alikuta punje ya krimu aliyoisahau. Akaitoa kwa ukucha na kuifuta kwenye gauni lake. Mikono ikifanya kazi, mdomo ulikuwa mwepesi kidogo. Hilo alilijua tangu enzi za kibandani: mwanamke hatazamwi usoni anaposukwa, kwa hiyo husema.

"Eniitan. Uliniuliza swali la tisa."

Mabega ya msichana yalitulia.

"Nitakuuliza kama lilivyoandikwa. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umewaza kwamba ingekuwa afadhali ufe, au kujidhuru kwa namna yoyote?"

Maneno yalitoka. Dari haikuanguka. Aliendelea na msuko wa nne, kidole juu ya kidole, wala hakuharakisha. Hakuhesabu sekunde, lakini zilikuwa nyingi. Godoro lilisikika nje likisugua ukuta, baba akilihamisha kutoka goti hili kwenda lile.

"Karibu kila siku," Eniitan alisema.

"Karibu kila siku."

"Mchana ninakula, ninacheka, ni kweli nacheka. Lakini lenyewe lipo tu, limekaa pembeni. Nikifika shule kule..." Akaishia hapo.

"Shule kule?"

"Kule hakuna wa kuniona."

Mlango ulifunguliwa. Sista Bolatito alikuja kuchukua faili ili alipeleke kusainiwa, na kutokana na alivyosimama ilikuwa wazi amesikia. Mkono wake ulikuwa tayari unapanda kuelekea kichwani, vidole vimekutana. Wuraola aliudaka hewani. Viganja vyake vilikuwa na mafuta ya nywele, lakini hakuuachia.

"Usilize vidole," alisema kwa sauti ndogo. "Kaa. Andika."

"Niandike nini?"

"Alichosema."

"Mama Mapacha, mimi..."

"Tatu, Sista," Eniitan alisema bila kugeuka. "Karibu kila siku ni tatu. Nimeiona kwenye karatasi yako."

Sista alikaa. Alipiga mstari juu ya sufuri ya asubuhi, akaandika tatu pembeni yake. Ya kwanza ikatoka vibaya, akaifuta, akaandika nyingine. Machozi yalimdondoka, naye akayaacha. Kisha, bila kuambiwa, alivuta kiti karibu, akauliza lililofuata na lililofuata: kama kuna alichopanga, kama nyumbani kuna mtu aliyemwambia. Aliuliza vibaya, kwa kusitasita, akimeza nusu ya maneno. Lakini aliuliza, na msichana alijibu.

Profesa alipoletewa faili alilisoma mara mbili.

"Huyu mmoja tutamtoa kwenye utafiti," alisema mwishowe.

"Wapo arobaini wengine," Wuraola alisema.

"Unajua unachoniomba?"

"Nakuomba umsainie kulazwa, Prof. Hayo mengine najua utayatafuna mwenyewe."

Alimtazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi wake. Kisha akasaini. Vidonge visipunguzwe, daktari wa zamu aitwe sasa hivi, mgonjwa asiachwe peke yake. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama kawaida, na hilo nalo lilimkera Wuraola, ingawa hakuweza kueleza kwa nini.

Kwenye korido, baba yake Eniitan alimsikiliza daktari wa zamu akiwa amesimama, godoro kifuani.

"Lakini mlisema amepona," alisema. "Huyu mama mnene ndiye aliniambia. Kila wiki."

Sista Bolatito alipiga magoti mbele yake, palepale kwenye sakafu, kama anavyopiga magoti mtoto mbele ya mkubwa, ingawa alimzidi yule baba umri. "Nilikudanganya," alisema. Yule baba hakumwinua. Alimzunguka, akaingia wodini na godoro lake, akalifungua kamba na kulitandika chini kando ya kitanda cha bintiye.

Mchana wote uliobaki Wuraola na Sista walikaa kwenye simu na orodha ya wazazi, wakianza na wale kumi na wanane waliobaki kati ya kumi na tisa. Mpaka saa kumi na moja walikuwa wamewapata watano. Mmoja alikata simu. Mwingine alisema mwanawe mzima wa afya, wasimtafutie mikosi. Watatu walikubali kuja asubuhi. Kalenda ilikaa mezani katikati yao, na kompyuta ilikuwa wazi kwenye zile rekodi saba. Wuraola alifuta neno "chafu" kwenye zile nne, moja baada ya nyingine, akaandika tarehe na jina lake.

Kabla ya kuondoka alipita wodini. Eniitan alikuwa amekaa kitandani na bakuli la uji, upande wa kushoto wa kichwa umesukwa misuko mitano, upande wa kulia nywele zimesimama.

"Anti, utaniacha hivi? Nafanana na kuku aliyenyonyolewa nusu."

"Mkono umechoka. Kesho saa mbili nitamalizia."

"Na mtindo wa wiki?"

"Shule itangoja. Saa mbili, nakuuliza swali, halafu nasuka."

"Lilelile?"

"Lilelile. Na kesho kutwa pia."

Msichana aligusa nywele zake zilizosimama, akatoa ile pumzi fupi puani. Baba yake, chini kwenye godoro, alikuwa ameegemeza kichwa kwenye mguu wa kitanda, macho wazi.

Wuraola alienda kwenye sinki. Alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akainusa, akanawa tena. Chini ya ukucha wa kidole gumba krimu ilikuwa imeganda. Aliikwangua kwa ncha ya kitana mpaka ngozi ikauma, akazima taa, akafunga chumba. Orodha alitoka nayo mkononi. Majina kumi na matatu hayakuwa na alama, na chini yake yalikuwepo ya wale vijana wengine.